Deni la Ukurasa Ujao

Katika nathari rasmi ya Kiingereza, hasa ile ya falsafa, teolojia na sheria, kuna kundi la kauli ambazo kazi yake ni kumwelekeza msomaji kwenye jambo ambalo bado halijasemwa: kwamba hoja fulani itathibitishwa katika sura ijayo, kwamba sababu zitatolewa hapo chini, kwamba neno lililotumika sasa litaelezwa baadaye mahali pake. Wanaisimu huita urejeleaji wa aina hii katafora, neno lenye asili ya Kigiriki linalobeba maana ya kupeleka chini, kinyume cha anafora, ambayo humrudisha msomaji juu, kwenye lile lililokwisha kutajwa. M. A. K. Halliday na Ruqaiya Hasan, katika kitabu chao cha mwaka 1976 kuhusu mshikamano wa matini za Kiingereza, walieleza jinsi kionyeshi "this" kinavyoweza kuangalia mbele ilhali "that" kwa kawaida hutazama nyuma, na uchambuzi wao unatosha pale ambapo kinachorejelewa kimo katika sentensi inayofuata, kwa kuwa hapo msomaji hungoja kwa muda wa pumzi moja tu. Mambo hubadilika pale umbali unapokuwa kurasa mia mbili, au juzuu nzima, au kitabu ambacho hakijaandikwa. Hapo swali huvuka mipaka ya isimu na kuingia katika maadili, na kwa wengi wa waandishi waliohusika liliingia pia katika dini: mwanadamu asiyeijua kesho ana haki gani ya kuandika kwamba jambo fulani litaonyeshwa, na msomaji aliyekubali kuendelea kwa kuiamini kauli hiyo anamdai nini?

Kiingereza chenyewe kimehifadhi kumbukumbu ya swali hili ndani ya vitenzi vyake visaidizi. Lugha hiyo haina kiambishi cha wakati ujao mfano wa -ta- ya Kiswahili. Ilichukua vitenzi viwili vilivyokuwa na maana zake kamili, ikavitwika mzigo wa wakati ujao. Kimoja ni "will", ambacho kwa asili kilimaanisha kutaka, na cha pili ni "shall", ambacho kwa asili kilimaanisha kudaiwa, yaani kuwa na deni au wajibu usioepukika. Katika Kijerumani, lugha ya ukoo mmoja na Kiingereza, neno "Schuld", la mzizi huohuo, hadi leo lina maana ya deni na pia ya hatia. Hata katika karne ya 14 Mwingereza aliweza bado kulitumia "shall" kwa kutaja imani aliyodaiwa na Mungu wake. Kwa upande wa Kiswahili, wanaisimu wengi wanaona kwamba -ta- ilichipuka kutoka katika kitenzi taka, kwa hiyo anayesema "nitaonyesha", mzizi wa neno ukichimbuliwa, anatangaza kutaka kwake, ilhali Mwingereza wa kale aliyetumia "shall" alikiri kwamba anadaiwa. Asili ya neno haimfungi mtumiaji wa leo, na ingekuwa kosa kujenga maadili juu ya etimolojia peke yake. Hata hivyo inafaa kukumbuka kwamba wakati ujao wa Kiingereza, kwa sehemu, ulianza kama deni.

Tofauti kati ya "will" na "shall" haikupotea mara moja. Mwaka 1653 John Wallis, mwanahisabati aliyekuwa pia kasisi, alichapisha kwa Kilatini sarufi ya Kiingereza ambamo aliweka kanuni iliyokuja kufundishwa kwa vizazi vingi: katika nafsi ya kwanza, "shall" hubashiri tu na "will" huahidi au kutishia, na katika nafsi ya pili na ya tatu mambo hugeuka, "will" ikabashiri na "shall" ikaahidi. Kanuni hii haikufuatwa na Waingereza wote, na leo wengi hawaijui kabisa, lakini inatoa chombo kizuri cha kupimia kauli zinazojadiliwa hapa. Kwa kipimo cha Wallis, mwandishi anayesema kwa nafsi ya kwanza wingi kwamba "tutaona" na kutumia "shall" anabashiri tu, kama mwenyeji wa njia anayemwambia msafiri kwamba mbele kuna mto. Bali anayesema kwa nafsi ya tatu kwamba jambo "litaonyeshwa", na kutumia "shall" ileile, amejifunga kwa ahadi. Kauli hizi mbili hukaa bega kwa bega katika kurasa za vitabu vya kale, na msomaji wa kawaida huzipita kana kwamba ni kitu kimoja.

Jambo jingine linaloifunika tofauti hiyo ni kauli ya kutendwa, ambayo Kiingereza cha kitaaluma na Kiswahili cha kitaaluma huipenda kwa kiasi kilekile. "Itaonyeshwa", "itabainishwa", "kama itakavyofafanuliwa": katika maneno haya deni lipo, kitakacholipwa kipo, ila jina la mdaiwa halipo. Inaweza kudaiwa kwamba huo ni unyenyekevu wa mwandishi anayejiondoa mbele ya hoja yake, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini unyenyekevu unaomwondolea mtu jina lake kwenye hati ya deni una faida kwake pia, na msomaji makini hafanyi vibaya kujiuliza ni nani hasa atakayeonyesha.

Hapa yafaa kutenganisha ubashiri na ahadi kwa uangalifu zaidi, na mwanafalsafa wa kale anayesaidia ni Boethius, aliyeandika kitabu chake mashuhuri akiwa kizuizini kabla ya kuuawa karibu na mwaka 524. Kwa maoni yake umilele wa Mungu si muda mrefu usiokoma bali ni kuyamiliki maisha yote kwa pamoja, kwa mara moja, kiasi kwamba yale ambayo kwa mwanadamu ni ya jana na ya kesho kwa Mungu yote ni ya sasa. Mwandishi aliyekwisha kumaliza kitabu chake anasimama mbele yake kwa namna inayofanana kidogo na hiyo: ukurasa wa 5 na ukurasa wa 300 vimelala mezani pake kwa pamoja, na "baadaye" ni neno la msomaji tu, kwa kuwa yeye ndiye anayelazimika kusafiri ukurasa mmoja baada ya mwingine. Kwake kusema kwamba jambo litaonekana mbele ni kutoa habari ya kitu kilichopo. Lakini mwandishi aliye katikati ya kazi hana ukurasa wa 300. Anacho kichwani kama nia, na nia ya mwanadamu hushindana na maradhi, madeni, uzee na kubadili mawazo. Tatizo ni kwamba chapa haitofautishi hali hizi mbili. Maneno ni yaleyale, wino ni uleule, na msomaji hana njia ya kujua kama anaelekezwa kwenye kitu au kwenye tumaini.

Mfano ulio wazi kabisa umo katika teolojia ya Kanisa la Uingereza. Mwaka 1593 Richard Hooker alitoa sehemu ya kwanza ya kazi yake kuhusu sheria za utawala wa kanisa, akijibu hoja za Wapuritani waliotaka kanisa hilo liache uaskofu na lifuate utaratibu wa wazee. Katika dibaji yake alieleza kwamba kazi nzima itakuwa na vitabu vinane, akataja mada ya kila kimoja, ingawa vilivyochapishwa wakati huo vilikuwa vinne tu. Kitabu cha tano kilitoka mwaka 1597, kikiwa kirefu kuliko vinne vya kwanza vikijumlishwa pamoja, na mwaka 1600 Hooker akafariki. Cha sita na cha nane vilichapishwa mwaka 1648, katikati ya vita vya mfalme na bunge, na cha saba mwaka 1662, baada ya ufalme kurejeshwa. Kwa kuwa vitabu hivi vitatu vilizungumzia mamlaka ya wazee, ya maaskofu na ya mfalme, yaani mambo yaleyale ambayo watu walikuwa wakiyamwagia damu, kila upande ulikuwa na sababu ya kutamani Hooker aseme hivi au vile. Izaak Walton, aliyeandika maisha yake mwaka 1665, alisimulia kwamba karatasi za marehemu ziliingiliwa na wapinzani wake na baadhi kuchomwa, simulizi ambalo wanahistoria wa karne ya 20 hawakulikubali.

Hapo ndipo dibaji ya 1593 ilipopata kazi ambayo mwandishi wake hakuikusudia. Ilikuwa imetangaza kwamba kitabu cha sita kitajadili madai ya kuwapa wazee walei mamlaka ya kuhukumu katika kanisa. Lakini maandishi yaliyochapishwa mwaka 1648 chini ya namba hiyo yanazungumzia kwa sehemu kubwa toba. Msomaji angeweza kushika dibaji kwa mkono mmoja na kitabu kwa mkono wa pili, akaona kwamba kilichotangazwa na kilichofika havilingani, na mashaka ya wasomi juu ya kitabu hicho kwa kiasi kikubwa yametokana na ulinganisho huo. Kauli ya kuelekeza mbele, ambayo mtu angeidhani ni adabu ndogo ya mpangilio, iligeuka kuwa shahidi aliyeendelea kusema baada ya mdaiwa kuzikwa.

Dini zenyewe zina la kusema juu ya hatari hii, na zimelisema mapema. Qurani, katika Sura ya al-Kahf, aya ya 23 na ya 24, inamkataza mtu kusema kwamba atafanya jambo kesho bila kuliambatanisha na mapenzi ya Mungu, na Waraka wa Yakobo katika Agano Jipya, sura ya 4, unawakemea wafanyabiashara wanaopanga safari na faida ya mwaka mzima hali hawajui kama watakuwa hai. Wanazuoni walioandika kwa Kiarabu waliipeleka amri hiyo hadi ndani ya mpangilio wa vitabu vyao, kwa kuwa ni kawaida kukuta katika maandishi yao kwamba maelezo ya jambo fulani yatakuja mahali pake inshallah. Mswahili hahitaji kufafanuliwa neno hilo, kwani analisikia kila siku. Ila huenda hajalifikiria kama chombo cha uandishi. Linafanya kazi mbili kwa pamoja: linakiri kwamba mwandishi si mwenye kesho, na wakati huohuo halimfungulii mlango wa kukwepa, kwa sababu anayelitaja jina la Mungu juu ya ahadi yake amemweka Mungu shahidi. Wale wanaolitumia kama njia ya heshima ya kusema hapana wanalidhulumu neno.

Nathari ya Kiingereza ya karne ya 18 ilianza kuliacha sharti hilo la kidini na kuweka masharti mengine mahali pake. David Hume alipotoa juzuu mbili za kwanza za kazi yake kuhusu maumbile ya mwanadamu mwaka 1739, alitangaza kwamba akibahatika kupokewa vyema ataendelea kuchunguza maadili, siasa na uhakiki wa sanaa. Sharti hapa ni kibali cha wasomaji. Kibali hicho hakikuja, na Hume mwenyewe alisikitika waziwazi kwamba kitabu kilikufa tangu kuzaliwa. Hata hivyo juzuu ya maadili ilitoka mwaka 1740, ingawa sehemu za siasa na uhakiki hazikuongezwa kamwe katika kazi hiyo. Na juzuu hiyohiyo iliyolipa sehemu ya deni ndiyo inayobeba nadharia yake ya ahadi, ambayo kwa ufupi inasema kwamba hakuna tendo la siri la moyo linalozalisha wajibu wa kutimiza, bali watu kwa manufaa ya kuishi pamoja wamekubaliana kwamba mwenye kutamka maneno fulani amejifunga, naye asipotimiza hataaminiwa tena. Kwa mtazamo huo nia ya mwandishi si hoja. Kilicho hoja ni kwamba maneno yamechapishwa na mtu ameyategemea.

Lakini si kila kauli ya kuelekeza mbele inategemewa kwa kiwango kimoja, na hapa pana tofauti ambayo vitabu vya kufundishia uandishi huipita haraka mno. Kauli nyingine ni maelekezo tu. Mwandishi anasema kwamba historia ya neno fulani itatolewa katika sura ya sita. Msomaji akifika sura ya sita asiikute ataudhika, lakini hoja aliyoisoma katika sura ya pili haitaanguka. Kauli nyingine ni mkopo. Ichukuliwe sentensi ya namna hii: "Dhamiri, kama itakavyothibitishwa katika sura ya tano, haiwezi kuwa hakimu wa mwisho, kwa hiyo ni lazima pawepo mamlaka ya nje yake." Nusu ya kwanza inaomba subira, na subira si kitu kikubwa kuombwa. Ila maneno "kwa hiyo" yaliyo baada ya mkato wa mwisho yanatumia thibitisho ambalo halijatolewa. Yananunua hitimisho kwa fedha za sura ya tano. Msomaji akilikubali hitimisho hilo, akajengewa juu yake sura ya tatu na ya nne, atafika sura ya tano akiwa amekwisha kuizoea nyumba, na hata ikiwa msingi ni dhaifu atakuwa na uzito wa kuihama. Euklides katika hisabati hakujiruhusu jambo hili: katika Elementi zake kila uthibitisho husimama juu ya yaliyotangulia. Falsafa haiwezi kuishi kwa ukali huo, kwa sababu mawazo yake hushikana kwa mzunguko na ni lazima pawepo mahali pa kuanzia, lakini angalau inaweza kumtaka mwandishi asitie "kwa hiyo" juu ya deni ambalo bado hajalilipa.

Samuel Taylor Coleridge ni mfano wa kusikitisha katika jambo hili, na husikitisha zaidi kwa sababu kipaji chake hakina shaka. Katika kitabu chake cha mwaka 1817 kuhusu maisha na fikra zake za kifasihi, msomaji anaongozwa kwa sura kadhaa kuelekea nadharia kuu ya ubunifu wa akili. Akikaribia kufika, katika sura ya 13, hoja inakatizwa na barua ya rafiki inayoshauri kwamba maelezo kamili yahifadhiwe kwa ajili ya kitabu kikubwa kijacho. Barua hiyo aliiandika Coleridge mwenyewe. Sura inafungwa kwa aya chache maarufu na kwa kumwelekeza msomaji kwenye insha nyingine, kuhusu mambo yasiyo ya kawaida katika ushairi, ambayo haikutoka kamwe. Hapa mkopo umelipwa kwa mkopo.

Adam Smith anastahili kutazamwa kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 1759, akiwa profesa wa falsafa ya maadili katika Chuo Kikuu cha Glasgow, alichapisha nadharia yake ya hisia za kimaadili, na katika aya ya mwisho kabisa aliahidi kwamba katika kazi nyingine angejaribu kueleza kanuni za jumla za sheria na serikali na mabadiliko yaliyozipata katika zama mbalimbali, kuhusu haki, na pia kuhusu utaratibu wa maisha ya umma, mapato ya dola na majeshi. Aya hiyo imo katika sehemu ileile ya kitabu ambamo, kurasa chache kabla, Smith anajadili mfano wa mtu aliyemwahidi jambazi wa njiani fedha ili aokoe maisha yake. Uamuzi wake ni wa makini sana: huenda kwa haki tupu jambazi hadai kitu, lakini ahadi ikivunjwa, hata kwa sababu za lazima kabisa, daima hubaki alama fulani ya kuvunjika heshima kwa aliyeitoa. Ikiwa hata jambazi anaacha alama hiyo, msomaji aliyenunua kitabu kwa nia njema anaacha kiasi gani?

Katika kitabu hichohicho Smith alifananisha kanuni za haki na kanuni za sarufi, kwa kuwa zote ni bayana, kamili na hazina budi kufuatwa, na akafananisha kanuni za fadhila nyingine na zile ambazo wahakiki huziweka kwa ajili ya uzuri wa maandishi, ambazo ni pana na huonyesha tu ukamilifu unaopaswa kuelekewa. Hakuutumia mfano huo kwa ahadi za mwandishi, lakini unawafaa watakaouliza swali hilo. Je, kutimiza kauli ya "litaonyeshwa" ni jambo la sarufi au la umbuji? Waandishi wengi wamelifanya la umbuji: ni vizuri kutimiza, na asiyetimiza amepungukiwa na mpangilio. Maoni yanayotetewa hapa ni kwamba ahadi inayobeba hoja ni ya upande wa sarufi, na ile inayoelekeza tu inaweza kuachwa upande wa pili.

Smith mwenyewe alilipa nusu. Kitabu chake kuhusu utajiri wa mataifa kilichotoka mwaka 1776 kilishughulikia utaratibu wa umma, mapato na majeshi. Nadharia ya sheria ikabaki. Mwaka 1778 aliteuliwa kuwa kamishna wa forodha huko Edinburgh, kazi aliyoitumikia kwa uaminifu na iliyomla muda. Mwaka 1790, alipokuwa akitoa toleo la sita la kitabu cha kwanza, lililorekebishwa mno, alikuwa na nafasi ya kuifuta aya ile kwa mstari mmoja wa kalamu, na wasomaji wengi wasingetambua. Hakuifuta. Katika tangazo la mwanzo wa toleo hilo alieleza ni sehemu gani ameitimiza na ipi hajaitimiza, akakiri kwamba uzee wake haumwachii tumaini kubwa la kuikamilisha kazi hiyo, na akasema kwamba ameiacha aya kama ilivyochapishwa zaidi ya miaka 30 kabla, wakati hakuwa na shaka yoyote kwamba angeweza kutimiza yote aliyoyatangaza, kwa sababu hakuwa ameliacha kabisa kusudi lake na alitaka kuendelea kuwa chini ya wajibu wa kufanya atakaloweza. Mtu aliyeandika hivyo hakuomba kusamehewa deni wala hakuficha hati yake. Alitaka jina lake libaki juu ya hati.

Alifariki tarehe 17 Julai 1790. Siku chache kabla, kwa kusisitiza kwake, marafiki zake Joseph Black na James Hutton, waliokuwa wasimamizi wa wosia wake, walichoma juzuu nyingi za miswada yake. Huenda sehemu ya kazi iliyoahidiwa iliteketea humo. Hata hivyo mwaka 1896 Edwin Cannan alichapisha maandishi ya mwanafunzi yaliyonakiliwa kutoka katika mihadhara ya Smith kuhusu sheria, na mwaka 1958 yakapatikana maandishi mengine, marefu zaidi, yaliyochapishwa mwaka 1978. Haya ya pili yana tarehe za mihadhara, na ya kwanza kati ya hizo ni 24 Desemba 1762, siku ambayo profesa, mbele ya vijana wa Glasgow, alianza kueleza kanuni zinazopaswa kuongoza serikali, miaka mitatu tu baada ya kuahidi kwamba angezieleza, huku mmoja wao akiandika.